Nchi ya Joto Inataka Sweta: Soma Hii Kabla Hujakuja Silibwet

Leo naongea na mtu mmoja tu: wewe ambaye unapanga kuja huku kwetu mara ya kwanza. Inaweza kuwa unatoka Berlin, inaweza kuwa unatoka Kayole. Kwangu ni sawa tu. Kama hujawahi kukanyaga Silibwet, wewe ni mgeni, na mgeni anafaa kuambiwa ukweli mapema.

Mtandaoni kumejaa video za "vitu kumi vya kujua kabla ya kwenda nchi ya tropiki". Nimeangalia nyingi sana, maana kutengeneza kontenti ndiyo kazi yangu. Karibu zote zinasema kitu kimoja: beba kaptula, beba miwani ya jua, jipake dawa ya mbu, usinywe maji ya mfereji, chunga simu yako. Halafu nyuma ya anayeongea kuna mnazi na bahari. Sina ubaya na bahari. Lakini Kenya ya hizo video ni mnazi na simba peke yake, na huku kwingine ni kama hakuna watu.

Msimamo wangu ni huu. Ushauri wa safari ambao unakufundisha kujilinda wewe, na haukufundishi chochote kuhusu mtu utakayemkuta, ni nusu ya ushauri. Nitakupa nusu zote mbili. Tuanze na ile rahisi.

Baridi, mvua na jua

Silibwet iko Kaunti ya Bomet, dakika chache kwa boda kutoka Bomet mjini. Tuko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hivyo kwa ramani sisi ni tropiki kabisa. Lakini pia tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo wageni hushikwa. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6 hivi. Piga hesabu: siku ambayo Mombasa wanaloa jasho kwa nyuzi 30, huku uko kwa nyuzi 18 ama hapo karibu, na usiku inashuka zaidi. Mwezi wa saba ukikaa nje jioni na fulana, utaomba blanketi mwenyewe.

Kwa hivyo sweta si hiari. Beba na jaketi ya mvua. Huku asubuhi inaweza kuwa safi kabisa, anga bluu, halafu saa nane mchana mawingu yanajikusanya na mvua inashuka kama imetumwa. Wakati mwingine ni mvua ya mawe. Kericho na Bomet zinajulikana kwa hiyo, na inaweza kuharibu majani ya chai ya mkulima kwa dakika chache tu. Ndiyo maana ukiona mtu wa huku anaangalia juu saa saba mchana, haombi. Anapiga hesabu.

Barabara za mashambani ni udongo mwekundu. Zikiloa, hata boda anayejua njia anashuka na kusukuma. Viatu vyeupe viache Nairobi. Gumbuti unapata sokoni, na hakuna mtu atakucheka, kila mtu anazo.

Halafu jua. Watu wanadhani kukiwa na baridi jua halichomi. Linachoma, tena ukiwa juu hivi linachoma haraka kuliko unavyosikia, kwa sababu hewa ya kulizuia ni nyembamba zaidi. Kofia ni muhimu hata siku ya mawingu.

Mbu na hospitali

Hapa sitakudanganya. Watu wengi husema huku juu hakuna malaria. Ni kweli baridi huwapunguza mbu na hatari iko chini kuliko Kisumu ama Pwani. Lakini miaka ya 1990 mashamba ya chai ya Kericho yalipata milipuko mibaya ya malaria, kwa hivyo "hakuna" si neno la kutumia. Na wageni wengi hawaji huku moja kwa moja: wanapitia Kisumu, Homa Bay ama Mombasa kwanza. Ongea na daktari kabla ya safari, umwambie njia yako yote, siyo mwisho wake tu. Na ukipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, usijitibu mafua. Mwambie daktari ulikuwa wapi, upimwe.

Ukiugua ukiwa hapa, Hospitali ya Tenwek iko karibu, na imepokea madaktari kutoka nje kwa miongo mingi. Hii pia inamaanisha kitu kingine: watu wa Silibwet wamezoea kuona wageni. Usitarajie kijiji kizima kikimbie kukushangaa. Watakusalimia, halafu watarudi kwa kazi zao.

Makaratasi, pesa na saa

Kama unatoka nje ya nchi, jua kwamba tangu Januari 2024 Kenya iliacha mambo ya viza na kuleta idhini ya kusafiri ambayo wageni wengi wanaiomba mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Omba kwenye tovuti rasmi ya serikali. Kuna tovuti zingine zinafanana nayo na zinakuongezea bei bure.

Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu iache nyumbani kwenu. Ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 4. Kwa mifuko! Beba kikapu ama mfuko wa kitambaa.

Pesa: M-Pesa. Ilianza 2007 na leo hata mama wa mandazi anaipokea. Mgeni anaweza kusajili laini kwa pasipoti yake. Lakini weka pia noti ndogo. Ukimpa mtu wa boda noti ya elfu moja kwa safari ya shilingi hamsini, umempa kazi ya kutafuta chenji stegi nzima.

Saa: ukiambiwa "tukutane saa mbili asubuhi", ni ile saa ambayo simu yako, ikiwa imewekwa Kiingereza, inaandika nane. Tunahesabu kutoka jua linapochomoza, na kwa sababu tuko karibu na ikweta, jua halibadilishi mpango mwaka mzima. Linatoka kama saa kumi na mbili na nusu, linaingia saa kumi na mbili na nusu ama na dakika kadhaa. Hii nawaambia hata nyinyi wa Nairobi ambao mmezoea kuchanganya. Umeambiwa gari linatoka saa moja, ukaja saa saba, gari halipo, shida ni ya nani?

Barabara

Kutoka Nairobi unashuka Mai Mahiu, unapita Narok, unafika Bomet. Panda gari la asubuhi. Usiku kuna malori, ukungu, na madereva ambao wamechoka. Mwezi wa nne na wa tano, mvua ndefu zikiwa zimeanza, angalia habari kabla ya kutoka. Aprili 2024 mafuriko ya Mai Mahiu yaliua makumi ya watu usiku mmoja. Ukisikia barabara imefungwa, kaa. Picha zitangoja.

Kwa boda, ulizia bei kabla ya kupanda na uvae kofia ngumu. Kama hana, ngoja mwenye nayo. Hofu za nyoka na simba mnazozileta huku ni nyingi, lakini kitu cha kuogopa sana ni barabara.

Na kama unapita Bomet mbio ukienda Maasai Mara, punguza mwendo kidogo. Mto Nyangores unatoka msitu wa Mau, unapita hapa Tenwek, unakutana na Amala huko chini, na kutoka hapo unaitwa Mara. Maji ambayo nyumbu wanavuka kwenye video zenu yamepitia kwetu kwanza.

Salamu na chakula

Salamu kabla ya swali. Hata kama umepotea, hata kama mvua inakunyeshea. Sema "Chamgei" kwanza. Ukipewa kitu, sema "Kongoi", yaani asante. Mzee ni mzee, mama ni mama. Usimwite mtu wa miaka sitini jina lake ati kwa sababu mmejuana jana. Nyanya tunamwita kogo, na ukimwita hivyo kwa heshima, chai unayo.

Chai inakuja na maziwa tayari, usiulize iko wapi nyeusi kama ya hotelini. Ukipewa kimyet, ndiyo ugali. Ukipewa mursik, hayo ni maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti maalum, ndiyo maana yana rangi ya kijivu. Si machafu. Kama tumbo lako ni geni, onja kidogo na useme ukweli: "Nimeanza nayo leo." Hakuna atakayekasirika. Wanachokasirikia ni mtu anayekunja uso mbele ya kamera ili apate watazamaji.

Sasa nusu ya pili

Hapa ndipo nilikuwa nakuja.

Kijani unachokiona huku, ile ya mlima mpaka mlima kama imenyolewa na kinyozi, si msitu na si mandhari tu. Ni kazi. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa na kampuni za kikoloni miaka ya 1920, kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai kwa nguvu mpaka Gwassi, huko kando ya Ziwa Victoria. Wazee wa huku hawajasahau. Na Mei 2023, maandamano yalitokea Kericho na mashine za kuchuna chai zikachomwa, kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi na hao watu walikuwa na watoto wa kulisha. Sikuambii usipige picha hapo. Nakuambia ujue unapiga picha ya nini.

Upande wetu wa Bomet kuna wakulima wadogo wengi, mtu na ekari moja ama mbili. Majani huchunwa mawili na kichipukizi, yanapelekwa kituoni kupimwa, lori linayachukua siku hiyo hiyo kwa sababu yakikaa yanaharibika. Mkulima analipwa kwa kilo kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka kuna bonasi. Bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la duka. Na anayechuna shamba la mwenyewe analipwa kwa kilo vilevile. Dakika kumi za kusimama ukimtabasamia mgeni ni majani ambayo hayako kikapuni.

Sasa sikia. Likizo ya Agosti iliyopita walikuja vijana na gari mbili. Si wazungu, ni Wakenya, umri wangu. Waliegesha kando ya shamba la jirani yetu, wakaingia katikati ya laini za chai bila kuuliza, mmoja akarusha droni. Jirani alikuwa anachuna na watu wawili. Wakamwambia "mama angalia huku", wakapiga, wakaenda. Hata jina hawakuuliza.

Jioni picha iko mtandaoni. Imepigwa vizuri, siwezi kusema uongo. Maandishi chini: hawana kitu lakini wana furaha.

Hawana kitu. Huyo mama ana ekari moja na nusu ya chai, ng'ombe wawili wa maziwa, na binti kidato cha tatu ambaye anamlipia karo yote peke yake. Binti alitumiwa ile picha na wenzake wa shule, na vicheko kama ishirini chini yake. Akaja kwetu na simu mkononi, akaniuliza kama naweza kuitoa kwa sababu mimi "ni mtu wa mtandao". Nikawaandikia wale vijana. Walijibu siku ya nne, wakaitoa, hawakusema pole. Kufikia hapo ilikuwa imezunguka kwa magrupu ya WhatsApp ya darasa zima. Shule zilipofunguliwa, yule msichana hakutaka kurudi. Mama yake alimsindikiza mpaka getini, na siku hiyo hakuna majani yaliyochunwa.

Hiyo haiko kwenye orodha yoyote ya vitu kumi. Orodha inakuambia chunga simu yako isiibiwe. Hakuna anayekuambia chunga simu yako isiibe.

Kuna sheria pia, kama heshima haikutoshi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu ni data yake. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na kilabu kimoja cha Nairobi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja ambaye hakukubali. Kama mteja wa kilabu ana haki, mama wa chai anayo pia, hata kama hajui ofisi ya kamishna iko wapi.

Najua komenti zinazokuja

"Si wewe pia unapiga picha?" Napiga. Niliacha chuo mwaka wa pili wakati karo ilikataa, na tangu hapo kamera ndiyo inanilisha. Milima hii ndiyo duka langu. Kwa hivyo siongei kama mtu anayechukia kamera. Naongea kama mtu anayejua video moja inaweza kuleta kiasi gani, na anayeona ni kiasi gani kinabaki hapa. Mara nyingi ni sufuri.

Ninavyofanya ni hivi, na haichukui muda. Nasalimia. Nasema mimi ni nani na picha itaenda wapi. Nauliza. Akikataa, nasema kongoi naenda. Akikubali, namwonyesha nilichopiga na namwambia nitakachoandika chini. Namtumia yeye ama mtoto wake ile picha. Kama nimemsimamisha kazini, nalipia huo muda. Mtoto sipigi mpaka mzazi akubali, hata awe mrembo namna gani.

"Ukianza kulipa watu utawazoesha kuomba." Hii nayo huwa inanichosha. Umelipia mafuta, umelipia droni, umelipia chumba. Modo wa Westlands akisimama mbele ya kamera yako saa moja analipwa, na hakuna anayesema amezoeshwa kuomba. Ni kwa nini malipo yanageuka kuwa sadaka yakifika kwa mama mwenye kikapu?

"Sheria nyingi zitafukuza wageni." Haya, labda zitamfukuza mmoja ambaye hakutaka kusalimia mtu. Anayebaki atalala hapa, atakula hapa, atalipa kijana wa huku amwonyeshe njia, na atarudi na rafiki zake. Huyo ndiye Silibwet inamhitaji. Gari mbili za kuegesha dakika ishirini hazijawahi kununua hata chapo moja hapa.

Kwa hivyo

Nikikuandikia orodha yangu, itakuwa fupi. Sweta na jaketi ya mvua. Kofia. Kikapu. Noti ndogo. Ongea na daktari kuhusu njia yako yote. Safiri mchana. Jifunze Chamgei na Kongoi. Uliza kabla ya picha, na kama mtu ameacha kazi yake kwa ajili yako, mlipe.

Na kwa nyinyi wa huku ambao mnasoma, wenye miaka kumi na sita, kumi na nane: kama mtu amemposti mama yako ama nyanya yako bila ruhusa, usione haya. Piga skrinishoti pamoja na tarehe, mwandikie mwenye ukurasa aitoe, na akikataa, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Kamishna wa Data. Ukikwama kuandika, nitumie ujumbe, tutaandika pamoja. Nimeshafanya hivyo na wawili tayari.

Basi funga mkoba. Sweta iweke juu, utaitafuta kabla hujafika.